Mlango wa Ashura Haukuitika

Kitendawili.

Sema tega, usinitazame tu. Haya. Yumo ndani, anapumua, na bakuli la uji liko mkononi mwake. Ukimbishia hodi hayupo, ukienda zako yupo. Nani huyo?

Fikiri kidogo. Si maiti, maiti hashiki bakuli. Si konokono pia. Kila kitendawili kikiwashinda mnasema konokono, maskini ya Mungu, na yeye hana habari.

Umeshindwa. Nipe mji basi. Na usinipe Dodoma wala Mombasa, hiyo nimeshapewa mara nyingi na sijamwona wa kunikabidhi ufunguo. Nipe mji ambao haujajengwa bado. Nipe Kivulini.

Ahsante. Nimekwenda Kivulini, nimekula ugali wao wa uwele, nimelala kwenye vyumba vyao vya chini ya ardhi, na mtu wa kitendawili changu nimemkuta huko. Anaitwa Ashura, fundi wa mitambo ya hewa, mtoto pekee wa Bi. Mwantumu. Sikiliza yaliyomfika, na usimhukumu mapema.

*

Siku hiyo Ashura alikuwa amelala chali chini ya pampu ya hewa, grisi mpaka viwikoni, mwenzake Kibwana akimshikia taa. Mkanda wake wa kazi ukalia: ting.

"Mama yako huyo," Kibwana alisema.

"Najua."

Ting.

"Anauliza kama umekunywa uji."

"Shika taa vizuri, Kibwana."

Ting.

"Ukichelewa atakuja kukubeba mgongoni, na sisi hii pampu hatuiwezi peke yetu."

Vijana wa zamu wakacheka. Msimamizi wao, ambaye Ashura alitamani sana amwone mtu mzima, akatabasamu huku akitazama pembeni. Ashura akahisi shingo inamuwaka. Alikuwa karibu na miaka arobaini. Mji mzima ulipumua kwa mikono yake. Ting.

Mambo yalikuwa hivi. Jua la nje lilikuwa limeshakuwa jua jingine, la kuunguza, ndiyo maana watu walichimba kilima wakaingia ndani yake. Ukutani mwa kila nyumba palikuwa na kisanduku, kompyuta ndogo yenye programu ya Linux, ndicho kilichoendesha taa, hewa na mlango. Na kila mtu alivaa kidani. Ukikibonyeza ukataja jina la mtu, hodi yako ilisafiri kwenye nyaya hadi kisanduku chake, na kisanduku kikaitika chenyewe, mwenyewe hasemi neno. Mafundi waliiita ping. Kidani chako kikapata joto kidogo kifuani, ukajua: yupo, mzima. Anayesafiri alikizima kisanduku chake, kwa hiyo nyumba isiyoitika ilikuwa nyumba tupu. Na aliyebishiwa, popote alipo, kengele ilimlilia kiunoni. Kengele hiyo haikuwa na pa kuizimia. Waliouchimba mji walisema mtu asipewe njia ya kutosikia hodi.

Bi. Mwantumu hakutaka chombo kingine chochote. Simu za kuonana uso alisema hana haja nazo, mtu anakuona hujafunga kitambaa. Kidani kilimtosha. Alikibonyeza akiamka, akichambua mlenda, akitoka kuswali, akingoja maji yachemke. Hakuwa na la kusema. Ilikuwa kama mtu anavyopapasa mfuko kujua ufunguo upo. Mtaa wa Wazee ulikuwa baridi siku hizi, watu wake wengi wameshakwenda, na joto lile dogo la kifuani alilipenda.

Ting, kiunoni mwa Ashura, mbele ya watu.

*

Jioni yake Ashura aliketi mbele ya kisanduku cha nyumbani kwake. Matumbo ya mashine ile aliyajua. Ndani kulikuwa na kitu kinachoitwa ukuta wa moto. Usiniulize moto uko wapi, ni jina tu. Kazi yake ni ya bawabu. Kila kinachoingia kutoka nje anakitazama, anaamua kipite au kisipite, kwa masharti aliyoandikiwa. Sharti moja lilitosha: hodi zikija, zifanye hivi. Na neno la mwisho la sharti ndilo linalomwambia bawabu azifanye nini.

Angeweza kuandika REJECT. Hapo bawabu humrudishia mgeni jibu: nimekusikia, na sikufungulii. Kidani cha mama yake kingetetemeka, na mama angejua amekataliwa. Angekuja na bakuli la mlenda, angeketi, angeuliza kosa lake ni lipi, na Ashura angelazimika kulisema mbele ya uso ule: mama, umezidi, unaniaibisha.

Au angeandika DROP. Hapo bawabu huitupa hodi chini na kunyamaza. Harudishi ndiyo wala hapana. Mwenye kubisha anabaki na kimya, afikirie mwenyewe.

Na lipo la kuonea haya zaidi. Bawabu anaweza kuambiwa azuie hodi za mtu mmoja tu. Unamwandikia anwani yake, basi. Ashura alianza kuiandika anwani ya mama yake, akafika katikati, vidole vikagoma. Akaifuta. Akazuia za watu wote, ili asiwe amemtaja mtu.

iptables -A INPUT -p icmp --icmp-type echo-request -j DROP

Mstari wenyewe ndio huo: A ya mwanzoni ni ya kuongeza sharti, na echo-request ndiyo hodi. Ujumbe wa kazini ulipita njia nyingine, kwa hiyo kazi haikuguswa. Mkanda ukanyamaza. Ashura akalala usingizi mzuri, na asubuhi akaona haya kwa kulala vizuri namna ile, lakini hakuufuta mstari.

*

Haukupita muda Bi. Mwantumu akaja karakana, kitambaa kimefungwa vizuri, kidani mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie kitu hiki. Kimekuwa baridi. Nakubonyeza, baridi. Nikasema labda umesafiri hukuniaga, nikauliza, wakaniambia yupo, anakoroma chini ya pampu."

"Hakoromi, Bi. Mwantumu," Kibwana alisema. "Anaimba. Ndiyo sauti yake."

"Kwao wote wanaimba hivyo, upande wa baba yake."

Ashura alikipokea kidani. Kilikuwa kizima kabisa, kimebeba joto la ngozi ya mama yake. Akakigeuza huku na huku kama fundi anavyofanya, akakifuta kwa pindo la shati, akakiweka sikioni ingawa hakuna fundi anayeweka kidani sikioni.

"Kimechoka, mama. Cha zamani hiki."

"Hakitengenezeki?"

"Nitakutafutia kingine."

"Aa, niachie hikihiki. Kingine kitanitaka nijifunze." Akakivaa tena. "Nitabonyeza hivyo hivyo. Pengine mimi ndiye sipati joto, lakini wewe unasikia. Unasikia?"

"Nasikia," Ashura alisema.

Mama yake akaondoka ameridhika. Kibwana alishika taa yake na safari hii hakuwa na mzaha wowote. Yeye pia alikuwa fundi. Kidani kilichochoka alikijua.

*

Sasa sikiliza vizuri hapa.

Ilikuwa siku ya mapumziko. King'ora cha jua kilikuwa kimeshalia, kile kinachowaambia watu wasikanyage nje mpaka jua lilegee. Mtaa wa Mafundi, alikoishi Ashura, na Mtaa wa Wazee haikuunganishwa chini kwa chini. Mwamba uliokuwa katikati uliwashinda wachimbaji, wakaacha uwanja wa wazi juu, unaovukwa asubuhi na jioni tu.

Ashura alikuwa ndani na bakuli lake la uji. Kwa kuwa hakuwa na kazi, akafungua kisanduku atazame bawabu wake anaendeleaje. Ukuta wa moto huhesabu: kila hodi inayotupwa, namba inapanda. Alizoea kuiona ikipanda mfululizo, maana Bi. Mwantumu akiwa nyumbani kwake alibonyeza bila mpango, kama mtu anayetafuna njugu.

Namba ikapanda moja. Ikatulia.

Ikapanda nyingine. Ikatulia, kitambo kirefu.

Ikapanda nyingine. Kisha basi.

Unajua watu wetu wanavyobisha mlangoni. Hodi ni tatu. Unabisha ya kwanza, unangoja, labda mwenyewe anavaa. Unabisha ya pili, unangoja, labda anasali. Unabisha ya tatu. Usipoitikiwa hapo unageuka unakwenda zako, hata kama unasikia sufuria zinagongana ndani, na huulizi kesho ulikuwa wapi. Mwenye nyumba ana sababu yake. Hizo ndizo adabu, na milango ya Kivulini ilikuwa ya jiwe, nene, sauti haipenyi. Ulikigusisha kidani kwenye kibao cha mlango, na hodi ikaingia kwa njia ileile ya nyaya. Kisanduku hakikuweza kutofautisha hodi ya mlangoni na ya mbali.

Lakini Ashura aliweza. Ya mbali haihesabiwi. Ya mlangoni ni tatu, na katikati yake mtu anasikiliza kama kuna nyayo zinakuja.

Kijiko kikasimama hewani. Akajiambia, saa za jua hizi, mama hawezi kuwa nje. Akajiambia, ametulia tu, kachoka kubonyeza. Kisha akawaza: na kama ni yeye? Nikimfungulia sasa, ataniuliza kwa nini nyumba haikuitika, ilhali mwenyewe nimo ndani na uji. Nitamjibu nini?

Mlango ulikuwa hatua chache kutoka pale alipoketi. Alikaa. Uji ukaganda juu, ukafanya ngozi, na yeye akaendelea kuitazama namba kama anayeiomba ipande tena, hata mara moja, ili ijulikane haikuwa hodi ya mlangoni.

Haikupanda.

*

Walinzi wa zamu ya alasiri walimkuta Bi. Mwantumu uwanjani, katikati, ameanguka kifudifudi.

Ujumbe ulipomfikia Ashura, kabla ya kuvaa viatu alikaa mbele ya kisanduku. Mstari uleule, ile A ya mwanzoni akaibadilisha kuwa D, ya kufuta, na sharti likafutika, na namba ikafutika nalo. Hakuna kilichobaki. Ndipo akavaa viatu, akakimbia.

Mama yake alikuwa kitandani kwenye zahanati, vitambaa vya maji kichwani na miguuni, midomo imepasuka. Muuguzi, mwanamke mnene mpole anayeitwa Leokadia, alikuwa akimnywesha maji ya chumvi kwa kijiko.

"Feni yangu imekufa," Bi. Mwantumu alisema alipomwona mwanawe, kana kwamba anaomba radhi. "Chumba kikawa chungu cha maharage. Nikasema kwa nini niende kwa jirani, na fundi nimemzaa mwenyewe? Nikavuka mbio mbio. Nikabisha. Kimya. Nikabisha tatu, nikarudi."

"Bibi, usiseme sana," Leokadia alisema.

"Nilifika mlangoni kwako, mwanangu. Nilifika, au sikufika?"

"Pumzika kwanza, mama," Ashura alisema.

Leokadia alikuwa mtu wa kufuatilia kazi yake. Jioni, jua lilipolegea, alikichukua kidani cha Bi. Mwantumu, akavuka uwanja hadi mlangoni kwa Ashura, akakigusisha kwenye kibao. Mlango ukaitika papo hapo, kidani kikapata joto. Akajaribu tena, ukaitika tena. Akarudi, akamvuta Ashura pembeni, lakini zahanati ni ndogo na Bi. Mwantumu masikio yake hayakuungua.

"Kidani kizima, mlango mzima," Leokadia alisema. "Hakufika, dada yangu. Jua lilimchanganya akazunguka uwanjani mpaka akaanguka. Nimeona wengi. Inaanza hivi hivi, mtu anaapa amekwenda mahali ambapo hakwenda."

"Lakini Ashura aliniambia kidani kimechoka," sauti ikatoka kitandani. "Alikitazama yeye mwenyewe. Si ndiyo, Ashura?"

Leokadia akamgeukia Ashura. Ashura akatazama sakafu. Palikuwa na tone la maji ya chumvi pale, na mwanga wa taa ndani yake.

Bi. Mwantumu alimtazama mwanawe muda mrefu. Kisha akasema haraka haraka, kwa sauti ya mtu anayefunika mchuzi aliomwaga mgeni, "Basi niliota. Hata hilo niliota. Uzee huu, sista, unakula mtu kidogo kidogo."

*

Uamuzi wa zahanati ukatoka. Bi. Mwantumu asikae peke yake tena. Ahamie Nyumba ya Uangalizi. Si mahali pabaya, chakula kipo, hewa ipo. Milango yake hufunguliwa na wahudumu, na vidani hukusanywa mlangoni, kwa sababu wakazi wake walisumbua watu mjini kwa hodi zisizo na maana. Kilichobaki ni mtoto wake kukubali, kwa kidole gumba.

Ashura alimkuta mama yake chumbani kwake, Mtaa wa Wazee, anagawa vitu. Feni ilikuwa imetengenezwa. Ashura mwenyewe aliitengeneza, kwa bidii ya ajabu, akabadilisha hata visivyoharibika. Leokadia alikuwa ameketi kwenye kigoda, kibao cha alama ya kidole mapajani, hana haraka.

"Kinu mpe mama Halmashauri," Bi. Mwantumu alisema. "Jina tu, hajawahi hata kuwa mjumbe, lakini anatwanga vizuri. Mchi una ufa, mwambie asiwe na hasira nao. Hiki kitambaa chukua wewe."

"Mama, subiri."

"Nisubiri nini? Nimekuchosha, najua. Nilikuwa nabonyeza mno. Nilimsikia Kibwana siku moja anakutania, nikasema nitapunguza, kisha nikasahau nikabonyeza tena." Akacheka kidogo, midomo yake bado ina makovu. "Sasa utafanya kazi yako kwa utulivu."

Akakivua kidani. Alikivua taratibu, kamba ikakwama kwenye kitambaa, Leokadia akainuka kumsaidia. Bi. Mwantumu akamwekea muuguzi kiganjani.

"Nakiogopa kidogo," alisema, akimwambia muuguzi, si Ashura. "Kuna siku kilikuwa baridi kabisa. Wewe unasema hakikuwa baridi. Mtu akishaanza kuhisi baridi ambayo haipo, nini tena anachoweza kukiamini?"

"Mtu huzoea, bibi."

"Ndiyo. Sharti nizoee."

Leokadia alimgeuzia Ashura kibao. "Dada, kidole hapa. Ukishaweka, wahudumu watakuja na machela, asitembee."

Ashura alinyoosha mkono. Alikuwa na grisi chini ya ukucha, ile ya feni. Aliwaza karakana, Kibwana na taa yake, vijana wa zamu, na msimamizi akitazama pembeni. Aliwaza habari itakavyotembea kwenye mitaa yote ya chini, kwamba fundi wa hewa aliziba hodi, hodi ya mama yake, akakaa na uji. Hawatacheka safari hii. Hakuna atakayesema neno. Watampisha njia tu.

Kidole chake kilikuwa kimekaribia kibao mpaka kibao kikaanza kuwaka.

"Ashura," mama yake alisema. Hakuwa analaumu. Aliuliza kama mtu anavyouliza saa. "Kabla hujaweka. Nikiwa bado na akili ya kulisikia jibu. Siku ile nilifika mlangoni kwako, au sikufika?"

Leokadia alifungua mdomo amtulize. Ashura akaurudisha mkono, akaufumba.

"Ulifika, mama," alisema. "Ulibisha tatu. Nilikuwa ndani, nikazihesabu."